Arlys Hoeppner Anakabidhi Kizibao cha Chungwa

Leo Ijumaa, tarehe 14 Novemba, Bi. Arlys Hoeppner anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika ofisi ya mipango ya ardhi ya Kaunti ya Tamarack. Wapo watakaofurahi. Mimi niliyefanya kazi meza ya jirani naye nawaambia wafurahi taratibu.

Alianza kwa kupokea simu, akapanda hadi mkaguzi wa vibali vya masharti, vile vinavyomruhusu mtu kufanya shughuli ambayo eneo lake halikupangiwa, mradi ayashike masharti. Wengi huchukua kibali na kuyasahau masharti. Kuna bwana mmoja mfuga mbwa aliyewaficha mbwa wa ziada ghalani. Arlys hakubishana naye. Alikaa kwenye ngazi, akafungua soseji yake ya mchana, na ghala zima likabweka. Hata hivyo hakumpokonya kibali papo hapo. Bwana yule alipewa onyo, akapewa muda wa kurekebisha, akapuuza, ndipo kamati ikamsikiliza hadharani na kukifuta.

Lakini tuseme ukweli, tunamkumbuka kwa machimbo ya Krahn.

Duane Krahn alikuwa na kibali cha kuchimba kokoto jirani na shamba la ng'ombe la Wendell Ruzicka. Kila baruti ilipolipuka, kisima cha Wendell kilitoa tope na ng'ombe wakasusa kunywa. Kisha soko la kokoto likaanguka, Krahn akafunga. Kanuni zetu hazina kona: shughuli ikisimama miezi kumi na miwili mfululizo, kibali kinakufa. Krahn naye si mjinga. Kila Novemba, muda ukikaribia kutimia, alileta kijiko, ile mashine ya kuchotea mawe, akahamisha rundo moja la mawe kutoka kushoto kwenda kulia. Mwaka uliofuata lilirudi kushoto. Kamati ikaihesabu hiyo kuwa kazi, na kibali kikaendelea kupumua.

Ukafika mwaka ambao barabara kuu mpya ilikuwa inakuja, na Krahn alishaahidi kokoto. Wendell alishaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe wake. Siku ya mwisho ya kuhamisha rundo ikaangukia Jumamosi ya kufungua msimu wa kuwinda kulungu, siku ambayo hapa kwetu hata mazishi husubiri. Krahn akaenda msituni pamoja na dereva wake wa kijiko. Alijua Jumatatu itatosha, maana nani anakagua wakati wa kulungu?

Arlys anakagua. Alivaa kizibao chake cha rangi ya chungwa, kama wavaavyo wawindaji ili waonekane, asije akapigwa risasi na shemeji yake, akaegesha pikapu langoni mwa machimbo, akakaa kutwa. Theluji ilikuwa imeanguka mapema wiki ile, na juu yake hapakuwa na alama ya gurudumu hata moja. Rundo lilikuwa kushoto, palepale lilipoachwa mwaka uliotangulia. Akapiga picha asubuhi, akapiga nyingine jioni, akarudi nyumbani kula.

Jumatatu Krahn aliingia ofisini bado ananuka moshi wa kambi. "Arlys, wewe mama una roho gani? Kaunti nzima ilikuwa msituni!" Arlys akamjibu bila kuinua macho, "Kibali chako hakiwindi, Duane." Mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa kambi moja na Krahn, akaja juu kwamba mkaguzi hana mamlaka ya kufuta kibali bila kikao. "Sijafuta kitu," Arlys akasema. "Kimekufa chenyewe. Mimi natangaza msiba tu." Akatakiwa aandike kwamba alikiona kijiko kikifanya kazi, la sivyo aifikirie ajira yake. Akavua kitambulisho, akakiweka mbele ya mwenyekiti. "Basi nifute mimi. Ila mimi bado ni mzima, kwa hiyo utanipa onyo na utaniitia kikao cha hadhara. Nitakuja na picha."

Mwenyekiti alimrudishia kitambulisho chake. Krahn akaomba kibali kipya, watu wakajaa ukumbini, kamati ikakataa. Barabara ilipata kokoto kwingine, na Wendell hakuuza ng'ombe hata mmoja.

Sasa tunasikia minong'ono kwamba Krahn ana ombi jingine, linangoja tu Arlys aondoke. Alilete. Kizibao nimeachiwa mimi, kinanipwaya mabegani, na nitakivaa hivyohivyo.

Arlys, asante kwa kutosogea. Tunakutakia afya, usingizi mrefu na, kwa mara ya kwanza, msimu mzima wa kulungu bila lango la mtu. Leo jioni, kabla ya samaki wa kukaanga, brandi ingoje. Wendell ameleta madumu ya maji ya kisima chake na amesema glasi ya kwanza ni ya hayo. Iinue kwenye taa uyaone yalivyo maangavu, kisha unywe.