Shavu Lililopima Umande

Ijumaa, tarehe 30 Mei: mawingu mazito, upepo hakuna, nyasi zimelowa chepechepe. Ndivyo ilivyokucha siku aliyostaafu mpulizaji wetu mkuu wa mbolea, tunayemwita sote Bi Umande, baada ya miaka thelathini na mmoja katika shamba letu la mbegu za nyasi za malisho.

Jina alilipata kazini. Mbolea ya maji inayolishwa kupitia majani ikipulizwa kwenye jani lililolowa hutiririka yote chini. Wengine hutazama tu. Yeye huchuma jani, akaligusisha shavuni. Likiwa bado na maji, sote hurudi kwenye chai. Tulimtania kwamba anabusu nyasi, na mumewe, fundi baiskeli, akalalamika kuwa yeye hajawahi kuhudumiwa hivyo.

Msimu wake wa kwanza alipuliza jua likiwa utosini ili awahi kumnyonyesha bintiye, na kipande kizima cha shamba kikaungua ncha za majani. Meneja wa wakati ule alitaka kilimwe upya. Bi Umande aliomba aachiwe, akakitunza kwa dozi hafifu za asubuhi mpaka masuke yakatoka na kujaa. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumharakisha.

Kilichomwia kigumu ni kuachia. Upulizaji wa mwisho kabla ya nyasi kuchanua uliangukia siku ya kumuaga, na mrithi wake, dada mwenye misimu miwili tu nasi, alikuwa hana raha tangu alfajiri. Viti vilishapangwa. Bi Umande akamfuata shambani na gauni lake la sherehe, nasi tukajua atajitwika bomba la kupulizia mgongoni. Badala yake alimpa jani moja.

"Pima wewe, mwanangu. Ukisema bado, hata keki itasubiri."

Dada akaligusisha shavuni, akasema bado. Tukasubiri. Aliposema tayari, akaingia shambani peke yake. Bi Umande alibaki ukingoni, mikono nyuma, hakugusa hata jani.

Miaka yote, siku ya kupuliza ilimkosesha usingizi. Alisikilizia mvua isije ikaosha kazi. Asante, Bi Umande, kwa masuke yote na kwa kukesha kote huko. Tunakuombea asubuhi zisizokudai kitu.

Mumewe ametuarifu kwamba Ijumaa ile mawingu yalitanda tena jioni. Saa mbili na nusu mkewe alikuwa ameshalala, wala hakuchungulia dirishani.