Bibi Harusi Hatatoka Jasho

Hebu ipige picha kona hii. Benchi la mbao limeegemea kibanda cha mungu wa mtaa, kibanda chenyewe hakizidi kabati la vyombo. Mbele ya benchi kuna jiko dogo, birika, na vikombe vya chai ambavyo ukivifumbata kiganjani havionekani. Ni mchana wa Tainan, wiki ya mwisho kabla ya mwezi wa mizimu, ambao ndani yake watu hawaoi, na jua linawaka hata mbwa wa mtaani wamejilaza kwenye mfereji. Sasa mtazame Bunhiong, baba wa bwana harusi, shati limemganda mgongoni. Ameinamia gari jeupe kuukuu lenye utepe mwekundu kwenye vioo vya pembeni. Kesho asubuhi gari hili litakwenda kumchukua bibi harusi. Kompresa ya kiyoyozi ilikufa juzi. Nyingine, ya mitumba, ameifunga kwa mikono yake mwenyewe, na haitaki kuzunguka.

— Si upeleke gereji, mzee mwenzangu? alisema Kapteni. Huyu aliendesha lori la samaki maisha yake yote, na hata benchini hukaa kama ameshika usukani.

— Gereji ipi? Kalenda imesema kesho ni siku njema. Mafundi wote wanaoa au wanaoza. Yule aliyekuja kujaza gesi alikuwa keshavaa suti.

— Basi kodi gari jingine.

— Yamekwisha. Halafu hili ni la marehemu mama yake Tsunghan. Mtoto kasema, siku ninapooa mama hayupo, basi angalau gari lake liwepo.

Hakuna aliyekuwa hapo ambaye marehemu hakuwahi kumpa lifti siku ya mvua.

— Na tatizo si harusi tu, aliendelea Bunhiong kwa sauti ya chini. Tatizo ni mdomo wangu. Siku ya posa nilimwambia mama wa binti, mbele ya watu: Binti yako kwangu hatatoka jasho.

— Lo! alisema Bi Siokim, muuza mapera, mwenye birika. Yeye hummiminia kila mtu chai, na hukatiza maneno ya kila mtu. Shemeji, ile ni lugha ya posa. Watu husema tu.

— Yule mama ni mwalimu wa hesabu. Yeye hasemi tu.

Hapo akainuka Jokofu. Aliwahi kufanya kazi kiwanda cha barafu, na tangu hapo anaamini baridi yote ya kisiwa hiki inamtambua.

— Tulieni, alisema. Dawa ya moto ni moto. Washa gari, washa kiyoyozi, tuone kinachokufa.

Bunhiong akawasha. Ndani ya kisanduku cha fyuzi kukasikika tak! Fyuzi ya kompresa ikaungua.

— Nimeelewa, alisema Jokofu. Hiyo fyuzi ilikuwa imezeeka. Tuazime ya redio. Bibi harusi haji kusikiliza taarifa ya habari.

— Ngojeni kwanza! alisema Bi Siokim. Mtampa vipi mgeni huyu wa chuma kazi kabla hamjamlisha?

Akaleta pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, akailaza kwa upole karibu na betri. Hakuna aliyecheka. Katika mji huu kila mashine inayojiheshimu, kuanzia ya benki mpaka ya hospitali, ina pakiti yake ya kijani, ili iwe na adabu. Ila lazima iwe ya kijani, ya njano huifanya mashine kuwa kaidi. Na isiwe imepitwa na tarehe.

Wakachomeka fyuzi ya redio. Kompresa ikaguna, ikazunguka, upepo ukaanza kupoa. Halafu tak!

— Tarehe! alifoka Kapteni. Angalieni tarehe ya pakiti!

Wakaangalia. Ilikuwa imeisha tangu mwaka mpya.

— Mnaona? Mnamlisha mgeni makombo, halafu mnataka afanye kazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Methali hiyo haihusiani, Kapteni, alisema Bunhiong.

— Inahusiana. Kompresa si mgeni? Imetoka kwenye gari la watu wengine. Labda gari la mtu mwenye deni la sadaka kwa miungu. Sisi hatujui tabia zake.

Bi Siokim akakimbilia dukani, akarudi na pakiti mpya. Jokofu akaazima fyuzi ya vifuta kioo, kwa hoja kwamba mvua haithubutu kunyesha siku njema ya kalenda. Kompresa ikazunguka kwa muda mrefu kidogo. Tak!

— Safari hii pakiti ni mpya, alisema Bunhiong, na macho yake yakaanza kukata tamaa.

— Mpya, lakini mbona imefunguliwa? aliuliza Bi Siokim.

Wote wakamgeukia Kapteni. Alikuwa na unga wa mahindi kwenye masharubu.

— Nilionja tu. Nijuaje kama haina sumu?

— Sumu ya kompresa inakuhusu nini wewe! alifoka Bi Siokim.

— Sikilizeni, alisema Jokofu, akainua mkono kama msuluhishi. Mimi naona hivi. Kompresa hii imezoea nchi ya baridi. Ikiona joto la Tainan inazimia, kama watalii. Tuipoze kwanza, ijione iko kwao.

Wakaifunika kwa taulo lenye barafu ya muuza samaki. Kapteni akaongeza kwamba hata nyimbo za kaskazini zingesaidia, na akaimba mstari mmoja mpaka Bi Siokim alipomtishia kwa birika. Wakachomeka fyuzi ya honi. Tak! Wakachomeka ya taa ya ndani. Tak! Gari likawa bubu, kisha likawa kipofu, na bado lilikuwa na joto kama tanuri.

— Imebaki moja tu yenye nguvu sawa, alisema Jokofu. Ya madirisha.

Bunhiong akasitasita. Alimkumbuka mama mwalimu wa hesabu, alivyomtazama siku ile juu ya miwani. Akakumbuka pia gauni la harusi alilolionyeshwa kwenye picha, zito kama blanketi tatu.

— Mkiwa na kiyoyozi madirisha ya nini? alisema Kapteni. Mwenye baridi hafungui dirisha. Hata samaki wangu hawakuwahi kuomba dirisha.

— Haya, alisema Bunhiong. Chomeka.

Wakachomeka. Kompresa ikazunguka. Wakangoja tak. Haikuja. Wakangoja tena. Upepo uliotoka ulikuwa wa baridi, baridi ya kweli, baridi ya asubuhi milimani. Wazee wakatazamana kama watu waliookota lulu. Kisha, bila kuulizana, wote wanne wakajipakia ndani na kufunga milango, na Bi Siokim akiwa na birika mapajani.

— Aaah, alisema Jokofu, amefumba macho. Nilisema baridi inanijua.

— Ni pakiti yangu, alisema Bi Siokim.

— Ni wimbo wangu, alisema Kapteni.

Bunhiong alishika usukani ambao mkewe alikuwa akiushika, na kwa mara ya kwanza tangu juzi mabega yake yalishuka. Binti hatatoka jasho. Neno lake limesimama.

Mtu akagonga kioo.

Alikuwa Peihsuan, bibi harusi mwenyewe, amepaki skuta kando ya kibanda, kofia ya chuma bado kichwani. Kwa mila hakupaswa kuonekana kwa kina bwana harusi leo, lakini bwana harusi hakuwepo, na alikuwa na kifurushi cha utepe wa kupamba gari. Bunhiong akabonyeza kitufe cha dirisha ili amsalimie. Kioo hakikushuka. Akabonyeza tena. Jokofu, kutoka kiti cha nyuma, akakohoa.

Peihsuan akainama, akasogeza mdomo karibu na kioo.

— Baba, shikamoo. Dirisha halifunguki?

— Marahaba, mwanangu. Ni... tumeboresha.

— Sasa kesho pepeo nitalitupia wapi?

Upepo wa baridi ukaendelea kuvuma juu ya wazee wanne walioganda. Kila mmoja wao alikuwa amekwisha kuona harusi zisizo na idadi, na katika kila moja, gari linapoanza kuondoka kwao, bibi harusi hutoa pepeo la mkono dirishani na kulidondosha barabarani, ili hasira zake za usichana zibaki pale na asizibebe kwa mumewe. Kila mmoja alilijua hilo kama ajuavyo jina lake. Na kila mmoja alikuwa amelisahau.

— Anaweza kufungua mlango kidogo, alinong'ona Kapteni.

— Bibi harusi afungue mlango gari likitembea? alisema Bi Siokim. Unataka abaki yeye, pepeo liende?

Bunhiong akafungua mlango, akatoka kwenye joto.

— Mwanangu, nikueleze ukweli. Nilimwahidi mama yako hutatoka jasho. Fyuzi ni moja. Nikikupa baridi, huna dirisha. Nikikupa dirisha, huna baridi. Unataka kipi?

Peihsuan akalitazama gari, taulo la barafu, pakiti iliyonyofolewa, masharubu ya Kapteni. Alikaribia kucheka, akajizuia kwa heshima.

— Baba, jasho nitalifuta. Hasira nikija nazo nyumbani kwako, utaishi nazo mpaka uzeeni.

Bi Siokim akapiga paja kwa nguvu hata birika likamwagika, na chai ikaishia hapo. Jokofu mwenyewe ndiye aliyechomoa fyuzi na kuirudisha mahali pake. Kioo kikashuka kikiguna kama mbuzi, na joto la Tainan likaingia na kuketi kwenye viti vyote.

Kesho yake pepeo lilidondoka barabarani vizuri kabisa, na mama mwalimu wa hesabu akalia. Wanaojua mila watakwambia kwamba baba wa bwana harusi hukaa nyumbani kumngoja mkwe. Bunhiong hakukaa. Alipanda kiti cha mbele, kando ya Kapteni dereva, akageuka nyuma, na njia nzima alimpepea binti kwa pepeo la plastiki lenye picha ya mgombea udiwani wa mwaka uliopita. Walipofika, shati la mzee ulikuwa unaweza kulikamua. Paji la uso la Peihsuan lilikuwa kavu.

Basi nawe, siku moja utakapotaka kumfanyia mwenzako jambo jema kupita kiasi, nakuomba ukumbuke hili tu: kabla hujaichomoa fyuzi ya dirisha, muulize atakayesafiri.