Ngwe ya Kesho Haifanywi Leo: Kumuaga Bwana Mbaruku Hiza

Tarehe 30 Juni 1979 Bwana Mbaruku Hiza, dresa wa wodi ya wanaume, anastaafu baada ya miaka thelathini ya utumishi: kumi na mitatu katika zahanati ya shamba la mkonge, na kumi na saba katika hospitali yetu. Kamati ya sherehe imemnunulia kiti cha uvivu. Kura zilikuwa nane kwa moja, na huyo mmoja hajabadili mawazo. Kumpa Mbaruku kiti cha uvivu ni sawa na kumzawadia mzima-moto debe la petroli.

Tena kiti chenyewe kimekuja wakati mbaya. Tangu mwishoni mwa Aprili Bwana Mbaruku mwenyewe ni mgonjwa wa moyo. Mtu ambaye kwa miaka saba amewatoa vitandani wagonjwa wa moyo wa Korogwe na Handeni na kuwatembeza mpaka wakapata nguvu, zamu yake ilipofika alivuta shuka hadi kidevuni akagoma. Mpaka wiki mbili zilizopita hatukujua kama wasifu huu utasomwa mbele ya mtu au mbele ya godoro. Ili aibu hiyo ieleweke, na jinsi ilivyokwisha, inabidi tuanzie shambani.

Alizaliwa Kwamatuku, Handeni, kwa Wazigua wakulima wa mahindi. Mwaka 1949 aliajiriwa na shamba la mkonge kama dresa, kazi yake ikiwa kuosha vidonda vya miiba na kugawa kwinini. Huko aliishi na manamba, vibarua wa mkataba waliotoka Tabora, Songea na Kigoma, akajifunza desturi zao. Kazi ya siku moja iliitwa ngwe. Ukimaliza ngwe, unakwenda zako, na karani anatia alama kwenye kipande chako, kadi yenye vyumba thelathini. Mjanja alifanya ngwe mbili Ijumaa ili Jumamosi alale. Desturi hiyo tuikumbuke, maana nusura iue mtu.

Mwaka 1962 alihamia kwetu. Alifika na baiskeli ambayo mpaka leo huiendesha polepole kuliko watu wanaotembea kwa miguu, na hajaanguka hata mara moja. Wenye elimu ya fizikia hapa hospitalini wamekata tamaa ya kulieleza jambo hilo.

Siku zile mgonjwa wa moyo alitunzwa kama yai. Wiki sita chali. Haruhusiwi kukaa, haruhusiwi kunyoa ndevu, analishwa kwa kijiko kama mtoto. Alipotolewa kitandani miguu ilikuwa mabua, na akawa anaogopa hata kupiga chafya. Tulifanya hivyo kwa uhakika mkubwa, na tunaandika hapa bila kuzunguka kwamba tulikuwa wajinga wenye vyeti. Ndugu za mgonjwa walikuwa wakali kutushinda. Kwao, kumtembeza mgonjwa ni kutangaza kwamba hamumtunzi. Na majirani wakimwona njiani, nani ataleta kuku tena?

Mwaka 1972 alikuja Daktari Habakuki na fikra mpya: mgonjwa aliyetulia ainuliwe mapema, atembee kidogo leo, kesho aongeze kidogo. Aliwaagiza wagonjwa watembee mita hamsini, halafu mia. Wakamwitikia vizuri sana, wakabaki walipokuwa. Mita ilikuwa haijafika Korogwe. Hapo ndipo Mbaruku alipochukua karatasi na rula, akachora vyumba thelathini. Ngwe ya kwanza ilikuwa kutoka kitandani hadi mlango wa wodi. Ya tano, hadi jikoni. Ya kumi, hadi langoni. Ya thelathini ilikuwa darajani, Korogwe ya Zamani, kwenda na kurudi. Wakata mkonge wa zamani, nusu ya wagonjwa wetu, walielewa kabla hajamaliza kueleza.

Mwendo aliupima kwa salamu. Aliendesha baiskeli ubavuni mwa mgonjwa akimsalimia salamu kamili: habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za mvua, za jirani, za mbuzi, za huko utokako. Akijibu zote saba bila kuhema, mwendo ni sawa. Akikwama kwenye mbuzi, anakaa chini. Haikugharimu serikali hata kifaa kimoja. Shida ilikuwa wapita njia, ambao nao walisalimia kwa adabu zao, na mgonjwa aliyelelewa vizuri hawezi kumwacha mtu mzima bila jibu. Ngwe moja ya kupita sokoni iliweza kuchukua asubuhi nzima. Siku moja vijana wa Chama waliona wagonjwa sita katika mstari, wakadhani ni matembezi ya kuunga mkono Azimio, wakaingia nyuma wakiimba kwa mwendo wa mchakamchaka. Mbaruku alilaza baiskeli yake katikati ya barabara ili kuokoa maisha ya wazee.

Sasa tumtaje Bonaventura, Mnyamwezi wa Tabora, mkata mkonge kwa miaka ishirini na sita, anayeishi karibu na stesheni. Wanyamwezi na Wazigua ni watani, na mtani ana ruhusa ya kusema msibani maneno ambayo ndugu akiyasema atafukuzwa. Mwaka 1973 moyo ulimwangusha, akapewa kadi, akafika ngwe ya kumi na mbili salama. Binti yake Josefina alikuwa anaolewa Mashewa Jumamosi. Bonaventura akafanya kile ambacho kila mkata mkonge mwenye akili angekifanya: Ijumaa alimaliza ngwe yake, akageuka akafanya ya Jumamosi, na kwa kuwa aliona inakwenda vizuri, akaanza ya Jumapili. Aliletwa kwa mkokoteni wa stesheni, midomo ya bluu.

Mbaruku alikaa karibu na kitanda hicho siku mbili. Alisema Bonaventura akifa atazichoma kadi zote na kurudi kufunga vidonda. Siku ya tatu mgonjwa alifumbua macho, akamtazama.

“Mtani,” akasema, “ngwe ya pili umeiandika?”

Kuna watu walioona tukio hilo kama sikukuu. Katibu mmoja wa tawi, ambaye jina lake tunalihifadhi kwa huruma kwa watoto wake, aliitisha mkutano na kusema kwamba mkoloni ameondoka na kipande chake, na huyu dresa amekirudisha kupitia wodini. Alizungumza saa moja na dakika kumi akiwa amekaa. Mbaruku alijibu kwa kifupi. Kipande cha shamba, alisema, kilihesabu jasho la mtu kwa faida ya mwingine. Hiki kinahesabu hatua zake mwenyewe, na akimaliza anarudi kwake na moyo wake. Kisha akakiri kosa: aliazima ngwe ya shambani akasahau kuondoa ujanja wa shambani. Mkutano ulipitisha kwamba kadi iendelee, ila iitwe Kadi ya Kujitegemea. Hakuna kingine kilichobadilika, isipokuwa sentensi moja ambayo Mbaruku aliiandika chini ya kila kadi, mpya na ya zamani, kwa wino mwekundu: Ngwe ya kesho haifanywi leo.

Wagonjwa waliohamia vijiji vipya aliwafuata kwa baiskeli hadi Mashewa na ng’ambo ya Segera, akawapimia ngwe upya, kutoka mlangoni hadi kisimani, kutoka kisimani hadi shuleni. Watu mia moja na arobaini wamepewa kadi hizo. Wengi wao wanalima hadi leo, na baadhi wamekuwa wagomvi kupita walivyokuwa kabla ya kuugua.

Ndiyo maana mgomo wa Aprili ulituuma. Daktari Habakuki alikwenda mwenyewe nyumbani kwake Korogwe ya Zamani kumwambia atembee. Mbaruku akajibu kwamba ngwe ni za wagonjwa, yeye ni mtaalamu. Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliwaona wengi wakianguka, na kila pigo alilolihesabu kwenye mkono wake aliliona la mwisho. Mkewe, Mama Mwantumu, alibembeleza, kisha akakasirika. Kuku walikuja kwa wingi. Wiki sita zikatimia.

Jumamosi ya katikati ya Juni Bonaventura alipiga hodi akiwa na jembe begani na kamba ya mkonge mkononi. Aliwapita wageni bila kukaa, akanyoosha kamba kutoka utosini mwa Mbaruku hadi kwenye nyayo, akapiga fundo.

“Usijikunje, mtani,” akasema. “Nikikosea kipimo nitakuchimbia shimo la mbuzi.”

Mbaruku akasema yeye hajafa. Bonaventura akamjibu kwamba habari hiyo haijamfikia; aliyoisikia ni kwamba kuna mtu amelala chali wiki sita, na mtu wa namna hiyo yeye anajua anakoelekea. Mama Mwantumu alikuwa amegeukia ukutani, khanga mdomoni, mabega yakitikisika. Kisha Bonaventura akachukua sahani ya kuku iliyokuwa kwenye stuli, maana mtani hula msibani, akatoka nayo.

Mbaruku aliinuka. Tunaomba historia isitie chumvi: hakuinuka kwa ajili ya sayansi, aliinuka kwa ajili ya paja la kuku. Bonaventura alirudi kinyumenyume kwa mwendo wa salamu, sahani mbele, hadi kwenye ua wa jirani. Hapo akasimama. Habari za nyumbani? Za watoto? Za shamba? Mbaruku alijibu zote saba, na za mbuzi alizijibu kwa matusi. Ndipo Bonaventura alipotoa mfukoni kadi yake ya mwaka 1973, iliyochakaa kama kitambaa, akaigeuza nyuma kulikokuwa kutupu, akachora vyumba thelathini na kutia alama moja.

Mbaruku, kwa kuwa sasa amesimama na watu wanamtazama, alitaka kuendelea hadi barabarani. Bonaventura akamwekea mpini wa jembe kifuani.

“Soma wino mwekundu,” akasema.

Leo yuko ngwe ya kumi na nne. Wafanyakazi wote wa hospitali tunamshukuru Bwana Mbaruku kwa mikono yake, kwa ubishi wake, na kwa kutufundisha kuwainua watu tuliokuwa tumezoea kuwalaza. Tunamshukuru Mama Mwantumu, ambaye kwa miaka mingi alimhifadhia chakula mume aliyekuwa akisalimiana barabarani. Tunamtakia ustaafu wenye afya, mvua za kutosha Kwamatuku, na wapita njia wachache.

Kuhusu kile kiti, kamati imekutana tena. Hakitakabidhiwa siku ya sherehe. Kimepelekwa kibarazani kwa Bonaventura, karibu na stesheni, ambako kwenye kadi ya Mbaruku ni ngwe ya thelathini. Ni chake Mbaruku, na kila siku atakayokwenda kwa miguu atakikuta. Safari hii kura zilikuwa tisa kwa sifuri.