Mwalimu wa Alhamisi na Korongo la Nyuma ya Darasa

Ndugu waombolezaji, kabla sijasoma naomba radhi, kwa sababu jana mchana, nikitafuta nafasi ya turubai, nilifyeka majani yote yaliyoshikilia matuta ya uani kwa dada yangu nikidhani ni magugu, na wanafunzi wake walipofika mmoja akaniuliza, "Babu, nani kakutuma?", nami panga likiwa mkononi sikuwa na pa kujificha.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, katika nyumba iliyo nyuma ya mashine ya kusaga, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano, mimi nikiwa kitinda mimba, naye alinibeba mgongoni hadi akachelewa kuanza shule, jambo alilonikumbusha kila niliporudi kutoka melini na sanduku la soksi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1972 hadi 1978, akaendelea na sekondari, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1985, na Jumatatu ya tarehe 6 Januari 1986 akaanza kazi katika shule ya mlimani, ambako hakuhama tena.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, wakajaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na kijana, ambaye ni fundi umeme.

Mwaka 1998 mvua ilichimba korongo nyuma ya madarasa, na tangu hapo kila Alhamisi aliwatoa watoto na majembe, akawafundisha kupima usawa wa mteremko kwa mpira wa maji kama wa mafundi ujenzi, kuinua matuta, kupanda majani ya kushika udongo, na kuhesabu hatua kutoka ukingo wa korongo hadi ukuta wa darasa la pili, zikawa arobaini, na kwa miaka ishirini na mbili zikabaki arobaini.

Februari 2021 figo zilianza kumsumbua, akalazwa na kutoka mara nyingi, na kipindi chake kikageuzwa cha marudio ya hesabu, matuta yakabomoka, na watoto waliokuja kumwona wodini hawakuulizwa habari za nyumbani, waliulizwa hatua, wakamjibu kumi na tisa, kisha kumi na moja, na mwezi uliopita nne.

Alifariki Jumapili tarehe 22 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, mvua zikiwa mlangoni, na juzi nilipomuuliza mkuu wa shule, ambaye yupo nasi hapa, ni nani atakayewatoa watoto Alhamisi, alisema kipindi hicho hakimo kwenye ratiba, nami nimezunguka bandari kumi na tatu lakini sijui pa kumpeleka mtoto anayeketi upande wa ule ukuta.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea viti na maji, na walimu wenzake.

Dada, hapa ndipo msomaji humtakia marehemu pumziko la amani, lakini siku ya mwisho wodini nilipokushika mkono nikakwambia sasa pumzika, ulinitazama kama ulivyonitazama utotoni, ukasema, "Nipumzike vipi, na korongo linatembea?"