Neno "Vet" Lilianzia kwa Farasi

Tuktuk yangu ilipotoka soko la mifugo la Garissa, abiria mmoja, mama wa Kiborana, muuza mbuzi, alimgeukia msichana wa Kisomali aliyekumbatia faili. "Binti, mbona unaongea peke yako?"

"Nakariri majina ya mababu, mama. Leo wazee wa kamati ya vitambulisho wananivet. Nikikosa kitambulisho, chuo hakinisajili."

"Hiyo 'vet' kila siku naisikia. Maana yake nini hasa?"

"Ni kumchunguza mtu kabla ya kumkubali. Mwalimu alituambia imetokana na daktari wa mifugo, aitwaye 'vet' kwa Kiingereza. Waingereza walimpelekea farasi awakague kabla ya mashindano. Baadaye wakasema hivyo hivyo kwa watu."

Mama alicheka mpaka mtandio ukamteleza. "Kumbe mimi na-vet tangu utotoni! Nafungua mdomo wa mbuzi, naangalia meno, nimemaliza. Babu yake simuulizi!"

Wakubwa wa kamati wangemwajiri huyu, niliwaza nikiendesha. Mke wangu walimwita mara nne, na nikamzika bila kitambulisho.

"Haya, nihesabie nisikie," mama akasema.

"Amran, Salah, Farah, Kerrow, Gedi... Hapa ndipo nilipokwama mbele yao mwezi uliopita."

"Taja jina lolote. Maiti hatatoka kaburini kukukana."

"Maiti hapana, mama. Lakini kuna mzee pale kwenye kamati anawajua mababu zangu kuliko mimi."

Tuktuk ikasimama kwenye geti la ofisi. Msichana akashuka, akajiunga na foleni, akaanza upya kwa jina lake mwenyewe.