Bi Vesta Pettway, Mpishi wa Mtaa wa Chester

Marehemu Vesta Mae Pettway, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Vesta, alizaliwa tarehe 9 Februari 1953 huko Stanton, Tennessee, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Amos Boyland na mkewe Lula, wakulima wa pamba. Alisoma huko huko hadi kumaliza sekondari mwaka 1971, na tangu utotoni alikuwa mwoga, wala sisi familia hatuoni haya kulisema: aliogopa radi, aliogopa mbwa, na mtu wa nyumbani akichelewa kurudi, hakuketi mpaka amwone mlangoni.

Mwaka 1974 alifunga ndoa na Bwana Roosevelt Pettway, dereva wa lori, wakajaliwa watoto wawili, Denise na Harold. Mwaka 1986 aliajiriwa kupika katika nyumba ya udugu, yaani chama cha wanafunzi wa kiume wa chuo wanaoishi pamoja, Mtaa wa Chester, hapa Ardley, akawalisha vijana kuku wa kukaanga na mkate wa mahindi, akawagombeza kwa viatu vyao vichafu, na aliyekuwa darasani saa ya chakula alifunikiwa sahani yenye jina lake. Sahani isiyochukuliwa ilimkosesha raha.

Jumamosi ya tarehe 8 Novemba 2014, siku moja baada ya wakubwa wa nyumba kuwapokea wanachama wapya kwa kuwanywesha pombe nyingi, chakula cha mchana kiliisha na sahani ya Colter Haney, kijana wa mwaka wa kwanza, ikabaki mezani. Mpishi haruhusiwi kupanda juu kwenye vyumba vya vijana, na wakati huo mumewe alikuwa amepooza, mshahara ni wa Vesta peke yake. Alipanda hivyo hivyo, akamkuta Preston, kiongozi wao, amesimama kwenye ngazi.

"Mama, amelala tu. Ukipiga simu tumekwisha wote, na wewe pia."

"Najua, mwanangu. Naogopa kweli. Hebu nipishe."

Alimkuta Colter mwili umekuwa wa baridi, midomo ya bluu, pumzi ikija kwa kusuasua, akapiga simu, na hospitali ikamwokoa. Chuo kiliifunga nyumba ile, na kazi ya Vesta ikaishia hapo.

Tangu hapo aliogopa kupita Mtaa wa Chester, aliogopa hata sokoni akisikia vijana wakicheka nyuma yake, maana aliamini wanamchukia kwa kuwavunjia nyumba, na zaidi ya wote Colter, ambaye hakumsikia tena. Bwana Roosevelt alitutoka mwaka 2017. Mwaka 2021 Vesta alianza kuugua figo, na Jumanne tarehe 5 Machi 2024 alifariki akiwa na Denise, ambaye Vesta mwenyewe alikuwa amemsihi asiwape vijana taarifa ya msiba, kwa hofu kwamba hawatakuja.

Denise hakumtii mama yake. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompeleka kusafishwa damu, wanakwaya wenzake, na ninyi vijana, mliojaa tangu safu ya nne hadi nje kwenye ngazi. Preston yupo. Colter yupo, na ametuomba tuwaambie kwamba miaka yote hii aliogopa kuja kwa sababu alijua yeye ndiye aliyemponza hadi akapoteza kazi.

Vesta, wamekuja wote. Hofu imekwisha, mama, lala salama.