Clarrie Habgood, Mwenye Ndege

Tarehe 30 Juni 1981 Clarrie Habgood anaweka spana chini, baada ya miaka thelathini na tisa katika kikosi chetu cha ndege za mabomu. Alikuja 1942, mtoto wa wafuga kondoo. Anaondoka mkuu wa karakana. Wapo waliotaka wasifu huu uandikwe na msomi. Msomi hakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Wakati wa vita tulikaa kwenye uwanja wa udongo mwekundu, kusini ya mji wa Darwin. Mabomu nilipakia mimi, na hakuna bomu langu hata moja lililokataa kutoka. Injini zilikuwa za Clarrie. Nzi walikuwa wa wote.

Kwetu ndege ilikuwa mali ya fundi. Rubani aliiazima tu. Akirudi, ilimpasa aende kwanza kwa fundi, palepale kwenye maegesho ya ndege ile, aseme imekwendaje, ndipo aende kwa wakubwa. Rubani wa Clarrie, Keith Lonergan, aliwahi kuirudisha ina tundu la risasi mkiani. Clarrie akamnunia wiki nzima, kama mtu aliyerudishiwa sufuria imetoboka.

Asubuhi moja ya 1943 Lonergan na wenzake watatu waliruka kwenda kupiga meli za adui huko Timor. Mchana ndege nyingine zikarudi, yao haikurudi. Muda wa mafuta kuisha ukapita. Mkubwa wa uwanja alikuwa na ndege mpya na hana pa kuiweka, akaamuru maegesho yale wapewe wengine.

Clarrie akaketi katikati, juu ya kabari ya gurudumu. Akatishiwa mahabusu. Akajibu kwamba aliyeazima hajarudi. Mimi nami nilimkatalia mkubwa, tena kwa sauti kubwa kumshinda Clarrie, ndiyo maana nikapewa kuchimba vyoo. Jioni nikampelekea chai na nyama ya kopo. Wenzetu walidhani jua limempata. Kila aliyepita alimwambia kwa upole kwamba wale wamekufa, na Clarrie akamuuliza kila mmoja kama amewaona.

Siku ya tatu lori likasimama getini. Wakashuka watu wanne, ngozi zimebabuka, miguu mitupu. Walianguka baharini karibu na Kisiwa cha Melville, Watiwi, wenyeji wa kisiwa hicho, wakawaokoa, wakawalisha kasa. Daktari alikuwa anawangoja. Mkubwa naye. Wakawapita wote wawili, wakaja maegeshoni.

"Clarrie," akasema Lonergan, "ndege yako nimeizamisha."

Clarrie akamtazama toka kichwani hadi miguuni. "Nilikuwa nimeibadilishia plagi zote, we mshenzi," akasema. "Kaa hapo. Chai ipo."

Kisha akajifunika kofia usoni, na sisi tukatazama kwingine.

Mpaka leo marubani wetu hupita kwa fundi kwanza. Vijana wanadhani ni amri. Haijaandikwa popote, walimkuta Clarrie anawangoja, basi.

Clarrie, ahsante kwa kila ndege iliyorudi. Wewe na mkeo Doreen mle uzee wenu kwa raha, mvua iwanyeshee, bia isipungue makali. Lonergan amesafiri toka Bendigo ili akupeleke kwa gari hadi nyumbani. Usimfokee njiani. Gari ni lake mwenyewe.

Perce Dwyer, mpakia mabomu